Onja, Kula, Lamba

Siku mliyoniaga pale yadini mlinipa kiti cha kuegemea, kile chenye mkono wa pembeni ambao ukiuvuta kinalala. Asanteni. Nimekiweka barazani hapa Kinampanda, na ule mkono nimeshauvuta mara zisizohesabika. Si kwamba nataka kulala. Ni kwamba mkono wangu wa kushoto bado haujaambiwa kuwa nimestaafu. Nikikaa tu, unatafuta cha kuvuta. Mke wangu anasema kiti kitakufa kabla ya mwenye kiti.

Mliniomba niandike nilivyoanza kazi. Nadhani mlitaka busara. Busara ningekuwa nayo nisingekaa miaka yote ile juu ya mashine inayotikisa figo. Vyeo sitavieleza, maana vilikuwa vichache na mnavijua, na mshahara tuuache upumzike huko ulikolala. Nitawaeleza kwa nini naitwa Bwana Kula. Najua mnadhani ni kwa sababu ya lile sufuria langu la kambini. Sufuria lilikuja baadaye.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaozaliwa na miguu ya kusafiri. Mimi nilizaliwa na kigoda. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu yalikuwa ya kukunja mara nne na kuweka chini ya godoro. Wenzangu wakapanda mabasi, huyu Arusha, huyu Dar, huyu machimboni. Mimi nikabaki namsaidia mama kulima uwele na alizeti, nikisema nasubiri. Mama akiniuliza nasubiri nini, namwambia nasubiri tu.

Ndipo greda likaja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imeruhusu biashara huria. Sabuni na sukari zimerudi madukani, kila mwenye shemeji mwenye lori anataka kusomba alizeti, na barabara yetu ilikuwa na mashimo ambayo kuku walitagia. Idara ya ujenzi ikaleta greda kutoka Singida mjini, kambi ikapigwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwa mama. Nikapiga hesabu: greda linatembea polepole kuliko punda. Nikifanya kibarua pale, asubuhi nakwenda, mchana narudi kula ugali wa uwele na mlenda, jioni nalala kwenye kitanda changu. Hesabu ndilo somo lililoniangusha mtihani, na bado niliiamini. Hakuna aliyeniambia kwamba greda hutembea polepole kweli, lakini halirudi.

Opereta alikuwa Mzee Ntandu, Mnyaturu wa Ilongero, mwembamba kama mpini, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa la kupasua mawe. Nilimkuta amelala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaisalimia miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnyiramba wewe?"

"Ndiyo mzee."

"Basi huyu ni mlaji," akawatangazia wenzake akiwa kulekule chini. "Unajua kupaka grisi?"

"Kupaka mafuta najua."

"Umempaka nani?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Mwilini."

Akatoka chini ya mashine ili anione vizuri. Alinitazama kwa muda, akanipa pampu ya grisi, akanionyesha vichuchu ishirini na kitu vilivyojificha kwenye viungo vya greda. "Hawa ndio ndugu zako," akasema. "Kila asubuhi uwaamkie mmoja mmoja. Ukimsahau mmoja, atakununia katikati ya pori." Hilo niliwaambia ninyi pia, mkacheka. Halafu yupo mmoja wenu, simtaji, aliyenuniwa katikati ya pori la Itigi.

Wiki ya tatu mzee akanipandisha kitini. Greda la zamani lilikuwa na vyuma vya kuvuta vingi kuliko vidole vyangu, na kila kimoja kigumu. Ulikivuta kama unavyovuta ng'ombe asiyetaka kutoka kisimani, na wakati mwingine kilikuvuta wewe. Mzee akashuka, akaenda kusimama mbele, kando ya barabara, akanigeukia, akapaza sauti juu ya makelele ya injini:

"Kula!"

Nikatazama jua. Kweli, lilikuwa utosini. Nikasema moyoni, huyu mzee ni muungwana, kazi haijaanza na tayari ananikumbuka. Nikazima mashine. Nikashuka. Nikanawa mikono kwenye dumu la maji, nikashika njia ya kwa mama.

Nilikuwa nimefika kwenye kalvati niliposikia nyuma yangu, "We Mnyiramba! Unakwenda wapi?"

"Kula, mzee! Si umesema?"

Mzee Ntandu akakaa chini, palepale juu ya tuta la udongo, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Vibarua wote wakaacha sururu. Kufika jioni nilikuwa nimeshapata jina, na jina hilo halikunitoka mpaka siku mliponipa kiti.

Kumbe mzee alikuwa na lugha yake. Injini ile ililia kiasi kwamba sentensi ndefu haikufika masikioni, kwa hiyo kila amri aliigeuza kuwa neno moja la mezani. Onja, maana yake gusa udongo kwa kisu, lile bamba la chuma chini ya greda, kwangua vumbi tu. Kula, yaani shusha kisu ukate. Shiba ni kwamba kisu kimejaa, usiongeze. Tema, sukuma udongo ukae pembeni. Na la mwisho, tamu kuliko yote, lamba: pitisha kisu taratibu mara ya mwisho mpaka barabara ing'ae kama sinia. Na kila neno lilikuwa na ishara yake. Kula ni vidole vitano vimekusanywa vinakwenda mdomoni. Shiba, kiganja kinazunguka tumboni. Lamba, kidole kimoja kinapita kwenye midomo.

Sasa mfikirie mzee mwembamba amesimama kando ya barabara, saa nzima anapeleka mkono mdomoni na kujishika tumbo. Karibu na Kiomboi mama mmoja alimtazama akashindwa kuvumilia. Akaja na bakuli la ugali na maziwa ya mgando.

"Pole baba," akamwambia. "Hawa wenye mashine hawakupi chakula?"

"Wananinyima, mama," alijibu mzee bila aibu. Akala lote akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye bakuli, wa pili ukinionyesha shiba.

Nilijifunza kwake mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Chupa ya soda yenye maji nusu, ukiilaza mbele ya kiti, inakuonyesha mteremko. Makalio nayo yanakuonyesha, mapema kuliko chupa. "Barabara mbaya inasikika matakoni kabla ya machoni," alikuwa akisema, na hiyo ndiyo elimu pekee ambayo mwili wangu uliipokea bila kubisha. Na mwisho wa kila kipande alimwaga maji ya birika juu ya mgongo wa barabara, katikati kabisa. Maji yakigawanyika, nusu kulia na nusu kushoto, kazi imekwisha. Yakikaa, tunarudia. Yakienda upande mmoja, tunarudia na anakutukana kwa Kinyaturu.

Wakati huo barabara ilizidi kurefuka. Kila kilomita niliyoisaidia kuchongwa ilinisogeza mbali na chungu cha mama. Nusu saa ikawa saa mbili, saa mbili zikawa hema. Mtu wa nyumbani nikajikuta nalala turubaini, nikikumbatia mfuko wa unga wa uwele kama mtoto. Nililalamika mpaka mzee akaniambia, "Lakini si ndiyo unaitengeneza ya kurudia?" Alikuwa na tabia mbaya ya kusema kweli.

Halafu nikaposa. Eliza alikuwa binti wa Mzee Kitundu, ambaye nyumba yake iko kandokando ya barabara hiihii, kabla hujafika Kiomboi. Mshenga alikwenda akasema kijana ni opereta wa greda. Mimi nilikuwa kijana wa grisi. Sikusema uongo, niliacha tu mshenga aseme. Mzee Kitundu alifurahi sana, akakitangazia kijiji kizima, na mimi nikawa na tatizo, maana greda lilipita mbele ya nyumba yake kila mara.

Mzee Ntandu alilitatua. Tukikaribia pale ananiachia kiti, yeye anashuka, anachukua pampu ya grisi, anatembea pembeni ya gurudumu akiwa ameinama kama mtumishi. Tukivuka nyumba, anapanda, tunabadilishana. Mara ya tatu au ya nne Mzee Kitundu alinisimamisha.

"Mkwe, kazi nzuri. Lakini huyu mzee wako wa grisi amechoka. Si umwachishe, utafute kijana?"

"Nitafikiria, baba," nikasema.

Mzee Ntandu alikuwa palepale, pampu mkononi. "Nihurumie, bosi," akaniambia. "Nina watoto." Na siku ile nzima nilipaka grisi kwa adabu ambayo haijapata kuonekana.

Miaka michache baada ya ndoa, ile ruksa iliyoleta sabuni ikaleta na barua. Serikali inapunguza watumishi. Kazi za barabara zitapewa wakandarasi binafsi. Mkandarasi aliyepata barabara yetu angekuja na greda lake na watu wake, ila alitaka wenyeji wawili wanaoujua udongo: opereta mmoja na mwelekezi wake. Opereta awe na cheti cha kidato cha nne, aweze kusoma kitabu cha mashine. Mzee Ntandu alikuwa ameishia darasa la nne. Alibakiza mwaka mmoja na miezi ili afikishe umri wa kustaafu kwa heshima. Kwa hiyo yale matokeo yangu ya chini ya godoro, yaliyokunjwa mara nne, yakakunjuliwa. Nitajaribiwa mimi. Nikipita, tumepita wawili, yeye atakuwa mwelekezi. Nikianguka, tumeanguka wote.

Mtasema, mtu wa nyumbani anaogopa nini kurudishwa nyumbani? Hata mimi nilijiuliza. Nikamwambia Eliza kwamba mambo yakiharibika nitakuwa hapa naye kutwa nzima. Akaacha kupepeta.

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Msengi, nakuomba upite huo mtihani. La sivyo nitakwenda kuendesha hilo greda mimi."

Lakini lililonikosesha usingizi wa mchana, ambao ndio usingizi wangu bora, lilikuwa mzee. Yeye aliyeshika pampu yangu ya grisi mbele ya mkwe wangu ili nisiaibike, sasa kazi yake imo mikononi mwangu, na mikono yangu ilikuwa haijawahi kuchonga kipande kizima peke yake.

Siku ya mtihani mkandarasi alimtuma injinia wake, dada mmoja kutoka Dar anayeitwa Injinia Rehema, buti safi, daftari kwapani, uso uliofungwa kama duka la Jumapili. Akachagua kipande cha hatua mia mbili. Eneo zima la Iramba lina barabara, na yeye akachagua mbele ya nyumba ya Mzee Kitundu.

Mkwe wangu hakuwa mtu wa kupoteza bahati. Alitoa viti vyote nje, akaita majirani, mama mkwe akaanza kuchinja kuku. "Njooni," nilimsikia akisema, "leo mkwe wangu anamfundisha injinia kuendesha greda."

Nikapanda. Greda la mkandarasi lilikuwa jipya kwetu, vyuma vyake vyembamba vyenye vichwa vya mpira. Mzee akasimama mbele kando ya barabara, akapeleka vidole mdomoni. Kula. Nikavuta kwa nguvu yangu ya siku zote, ile ya kuvuta ng'ombe kisimani. Sikujua kwamba mashine hii ilitaka kuguswa kama unavyogusa shavu la mtoto mchanga. Kisu kikazama chote. Greda likainua pua, likapiga chafya ya moshi, na katikati ya barabara pakawa na kaburi la kutosha kumzika mbuzi.

Majirani wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyofanywa.

Injinia akaandika kitu kwenye daftari. Nikarudi nyuma, nikaanza tena, mara hii kwa woga, kisu kikaruka juu na kuacha matuta kama mgongo wa mamba. Akaandika tena. Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja. Nikamtafuta mzee anisaidie, nikamwona anaonyesha ishara kwa bidii sana, shiba, shiba, tema. Ila hakuwa amenigeukia mimi. Alikuwa ameigeukia shindilia, lile gari la gurudumu la chuma, lililokuwa limeegeshwa hatua kumi kushoto kwangu. Alikuwa anaielekeza shindilia tupu, isiyo na mtu.

Mzee haoni! Nikaelewa kwa mara moja. Ile kofia aliyokuwa akiishusha machoni, ile tabia ya kunituma mimi nisome kila kibao, kule kupapasa ngazi kwa mguu. Macho yalikuwa yameshaweka ukungu siku nyingi na hakumwambia mtu.

Lakini hapo ndipo penyewe, vijana, kwa hiyo acheni simu zenu kidogo. Nikaitazama tena mikono yake. Ishara zilikuwa sahihi. Alionyesha shiba, na kweli kisu changu kilikuwa kimejaa wakati uleule. Alionyesha tema, na kweli ilikuwa saa ya kutema. Alikuwa anaelekeza upande usio wenyewe, kwa wakati ulio wenyewe. Alikuwa anasikiliza! Injini ikila inaguna. Ikishiba inakoroma, sauti inashuka kama ya mtu aliyelegeza mkanda baada ya pilau. Ikilamba inaimba puani. Sijui ni miezi mingapi alikuwa akiniongoza kwa masikio, na mimi nikidhani ananitazama.

Nikaacha kutazama vyuma. Nikaacha kumtazama na injinia. Nikasikiliza. Mashine ikaguna, nikaiacha iendelee kula. Ikakoroma, nikalegeza. Mkono ukawa mwepesi wenyewe. Nilikwenda na kurudi, nikafukia kaburi la mbuzi, nikavunja mgongo wa mamba, nikavuta udongo kutoka kandokando kuja katikati, ule mgongo wa barabara ukaanza kuinuka kama mkate tanurini. Dereva wa shindilia akaipanda, ikapita, ikarudi. Nikalamba. Nawaambieni, nililamba! Udongo mwekundu uling'aa mpaka kuku mmoja aliyekuwa anavuka akasita, akarudi alikotoka.

Furaha iliyonishika pale juu siwezi kuieleza bila kuongeza chumvi, basi naongeza: nilikuwa nacheka peke yangu, meno nje, mdomo umejaa vumbi. Nikafika mwisho wa kipande, nikainua kisu, nikageuza mashine ili nije kuegesha mbele ya viti vya mkwe, katikati kabisa ya ile barabara mpya, wote wanione.

Sasa, mama mkwe alikuwa ameshapakua. Injinia Rehema alikuwa ameshanawa, na alitaka kuniita. Alijua sauti haitafika. Alikuwa amemwona mzee tangu asubuhi akizungumza kwa mikono, akaona na yeye atumie njia hiyohiyo. Akanitazama, akakusanya vidole vitano, akavipeleka mdomoni.

Mkono wangu wa kushoto haukuniomba ushauri. Kisu kikashuka. Kikala.

Nilipozima mashine, kwenye ile sinia yangu palikuwa na mfereji wa urefu wa ng'ombe mzima, pembe mpaka mkia. Hata majirani safari hii hawakupiga makofi.

"Mkwe," sauti ya Mzee Kitundu ikasikika kutoka kitini, "na hiyo sasa ni nini?"

"Nani amemwambia ale?" Mzee Ntandu akauliza, akigeuza sikio huku na huku. "Nani? Mimi sijasema kula!"

"Ni mimi," alisema injinia. "Nilimwambia aje kula. Chakula."

Mzee Ntandu akatafuta tuta la udongo kwa mguu, akakaa, na kofia ikaanguka kama siku ile ya kwanza. "Siku ya kwanza," akawa anasema huku machozi yanamtoka, "nilimwambia ale barabara, akaenda kula ugali. Leo wanamwambia ale ugali, anakula barabara!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe alicheka kwa kujificha nyuma ya mlango, maana mkwe hachekwi hadharani. Hata lile duka la Jumapili likafunguka. Aliyekuwa hacheki ni mimi peke yangu. Mimi nilikuwa natazama mwaka mmoja na miezi wa mzee umelala ndani ya ule mfereji.

Injinia akafuta machozi, akafungua daftari upya. "Haya," akasema, "rekebisha."

Hapa nawapa kitu cha kazi, ili msiseme mzee ameandika porojo tupu. Ukikosea kukata kwenye barabara iliyomalizika, usimwage udongo juu ya shimo ukapigapiga. Unapendeza siku hiyo, mvua ya kwanza inautoa kama kigaga. Kidonda unakisafisha kwanza. Nilirudi nyuma hatua thelathini, nikakata kipande chote kizima mpaka kina cha ule mfereji, roho ikiniuma kwa kila hatua, maana nilikuwa naharibu kwa mkono wangu kile nilichokilamba. Nikachanganya udongo wa zamani na mpya, majirani wakamwagia maji kwa ndoo, shindilia ikapita. Mzee hakunielekeza. Kila akijaribu kusimama, kicheko kinamkalisha. Nilikuwa na masikio yangu tu.

Chakula kilipoa. Nilipolamba mara ya mwisho, injinia akaja na kipimo chake cha kioo, akakiweka hapa, akakiweka pale, akaandika. Mzee akainuka.

"Dada injinia, samahani. Mwenye nyumba, nisaidie birika."

Likaletwa la chai, limemwagwa, limejazwa maji. Mzee alipapasa kwa mguu mpaka akaupata mgongo wa barabara, akainama, akamwaga. Halafu akainua kichwa.

"Yamekwendaje?"

Wote tulikuwa tumeinama. Mwisho Mzee Kitundu akasema, "Yamesimama."

"Yape muda."

"Yanatetemeka."

"Yape muda, nimesema."

"Yamegawanyika," mkwe wangu akasema, na alisema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. "Nusu yanakwenda kulia. Na nusu..." Akasimama. "Mkwe, mbona nusu yanakuja kwangu?"

Kweli yalikuwa yanateremka kushoto, taratibu, kuelekea kwenye mlango wake.

Injinia Rehema akafunga daftari. "Mtaro wa kushoto mtachimba Jumatatu," akasema.

Mimi bado nilikuwa natazama maji. Mzee Ntandu ndiye aliyesikia. Yule mtu alisikiliza kila kitu. Akanishika mkono, akanong'ona, "Umesikia? Amesema *m*-tachimba. Hakusema utachimba. Wingi, Bwana Kula, wingi!" Na akaanza kuruka, mzee wa umri ule, birika mkononi.

"Hongera," injinia akaniambia. "Waliokata vizuri nimeshawaona wengi. Nilitaka kuona ukiharibu unafanyaje. Kuanzia leo wewe ni opereta."

"Kuanzia leo?" Mzee Kitundu akauliza.

"Mambo ya karatasi tu hayo, mzee mwenzangu," Mzee Ntandu akadakia. "Tule, chakula kimeshapoa." Na safari hii nilielewa kula ipi.

Mzee alimaliza muda wake. Kabla hajastaafu tulimpeleka hospitali akatolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa alinitazama kwa muda mrefu, kama siku ile alipotoka chini ya greda. "Kumbe ndivyo ulivyo?" akasema. "Ningejua nisingekufundisha." Alirudi Ilongero, akafuga, na kila nilipopita kule nilimkuta barazani, macho amefumba kwa hiari yake, akisikiliza malori.

Yaliyofuata mengi mnayajua kwa sababu mlikuwepo. Mlima wa Sekenke ulionitoa mvi, mbuga nyeusi za Wembere zilizomeza greda mpaka kwenye kiti, miaka ya Itigi na Manyoni nikila unga niliobeba kutoka nyumbani. Mtu wa nyumbani nimezunguka mkoa mzima kwa mwendo wa kilomita chache kwa siku, na kila mahali nilipofika nilikuwa nalalamika. Nashukuru hamkuniacha porini.

Sasa niwaambie la wiki iliyopita, maana najua mnadhani sikuwaona. Mlipita hapa mbele ya nyumba yangu na lile greda lenye vioo vyeusi na kiyoyozi. Nilikuwa kwenye kiti chenu, macho nimefumba. Nikaisikia injini inaguna. Vizuri. Ikaanza kukoroma. Nikasubiri mtu ateme. Ikakoroma tu. Nikafumbua macho, nikainuka, nikaenda kando ya barabara, nikajishika tumbo: shiba! shiba! Nikapeleka mkono pembeni: tema!

"Baba Neema, rudi," Eliza aliniita kutoka barazani. "Watadhani una njaa."

Greda likasimama. Mlango ukafunguka, kijana wenu akashuka, kijana mwenye adabu, nisiseme uongo. "Shikamoo babu," akasema, akafungua mfuko wake, akanikatia nusu ya chapati.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa chapati nzuri. Lakini kijana, kisu chako kilikuwa kimeshiba tangu kwenye kalvati. Kesho ukipita, zima hicho kiyoyozi, fungua kioo. Nitakuwa nimesimama palepale, na birika.